Sayyid Majid: Alijijengea mji wa amani, akaukaa kidogo tu

Wengi wetu hapa Bombolulu tushafika Dar es Salaam, na asiyefika ana mtu wake huko. Njia yenyewe si siri: unapanda basi mjini, unavuka feri Likoni, unapita Ukunda hadi Lunga Lunga, paspoti inagongwa muhuri mpakani, unaingia Horohoro, Tanga hiyo, halafu unakaa kwenye kiti mpaka miguu ivimbe. Ni zaidi ya kilomita 500. Watu wanaenda kuchukua mzigo Kariakoo, wanaenda harusi, na wengine wanaenda kuanza maisha upya kwa sababu huku mambo yamegoma.

Sasa waulize hao hao, mji wa Dar ulianzishwa na nani? Kumi watakwambia Mjerumani. Watano watasema Nyerere. Wote wamekosa. Dar es Salaam ilianzishwa na barobaro mmoja wa Unguja ambaye hata hakuwa amefika miaka 30 alipoanza kuupigia hesabu. Na yeye pia, ukisoma maisha yake vizuri, alikuwa anatafuta pa kuanzia upya kwa sababu kwao mambo yalikuwa yamegoma.

Jina lake Majid bin Said, Sultani wa kwanza wa Zanzibar iliyojitenga na Oman. Na usidhani ni mastori ya watu wengine. Enzi zake hata Mombasa ilikuwa chini yake. Bendera nyekundu iliyopepea Ngome ya Yesu ilikuwa yake, na liwali aliyekaa pale alikuwa mtu wake.

Mtoto wa jumba lenye watu wengi

Majid alizaliwa mwaka wa 1834 hivi. Babake ndiye Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamisha makao yake kutoka Maskati, akaipanda Unguja mikarafuu, na mwaka wa 1837 akaumaliza utawala wa Mazrui hapa Mombasa. Mzee alikuwa na masuria wengi, na alipofariki aliacha watoto zaidi ya 30. Hebu fikiria kugawa urithi wa namna hiyo.

Mamake Majid alikuwa suria kutoka Circassia, nchi ya milima kule karibu na Bahari Nyeusi. Alifariki mapema, na Majid akalelewa na suria mwingine wa huko huko, rafiki wa mamake. Huyo mlezi alikuwa na binti yake mdogo, Salme. Kwa hivyo Majid na Salme walikuwa ndugu kwa baba, halafu wakawa ndugu tena kwa malezi. Waliishi nyumba moja kwa muda, Beit el Watoro, pale Mji Mkongwe. Salme ndiye baadaye aliyeandika kitabu cha kumbukumbu zake, kikachapishwa Ujerumani mwaka wa 1886, na mengi tunayoyajua kuhusu Majid wa nyumbani yametoka humo.

Huyo Majid wa kwenye kitabu ni mtu mpole. Anapenda kupiganisha majogoo kama vijana wengine wanavyopenda mpira. Lakini alikuwa na ugonjwa wa kuanguka ghafla, kifafa, na kwa sababu hiyo ilibidi kila mara awe na mtu karibu. Shika hilo, manake mtu ambaye tangu utotoni haachwi peke yake, ukubwani huenda kitu anachokitaka kuliko vyote ni mahali pa kupumua.

Kiti chenye miiba

Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki baharini, safarini kutoka Maskati kurudi Unguja. Majid, akiwa na miaka 22 hivi, akakalia kiti. Hapo ndo shida zilipoanza kupanga foleni.

Ya kwanza ilikuwa kaka mkubwa. Thuwaini alikuwa Maskati akitawala upande wa Oman, na kwake yeye Unguja ilikuwa mali ya familia nzima wala si ya Majid peke yake. Mwaka wa 1859 akatayarisha majeshi na meli aje kuichukua. Waingereza wakamrudisha njiani.

Ya pili ilikuwa mdogo mtu. Barghash alikuwa kwenye safari ile ile baba alipofia, na alipofika tu Unguja akajaribu kukiwahi kiti. Hakufaulu. Mwaka wa 1859 akajaribu tena, safari hii kwa njama kamili, na baadhi ya ndugu wakiwa upande wake. Aliyekuwa akimwandikia barua za siri ni nani? Salme. Binti wa miaka 15 aliyejifundisha mwenyewe kuandika, sasa anatumia kalamu dhidi ya kaka aliyelelewa na mamake. Mambo yakafika vitani, kwenye shamba lililoitwa Marseilles, na wanajeshi wa Kiingereza ndio waliomwokoa Majid. Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni.

Sultani mwingine angechinja watu. Majid hakufanya hivyo. Barghash alirudi baada ya miaka kama miwili akaishi Unguja, na Salme akasamehewa. Lakini kusamehe ni kitu kimoja, kulala usingizi ni kitu kingine. Kuanzia siku hiyo alijua kwamba mrithi wake anakaa mtaa wa pili, anasubiri.

Ya tatu ilikuwa pesa. Aprili 1861 Waingereza kutoka India waliamua ugomvi wa Maskati na Unguja kwa kuugawa ufalme vipande viwili. Majid akapata Zanzibar na mwambao wote wa Afrika Mashariki. Bei yake? Alipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Na mapato makubwa ya nchi, yaani ushuru wa forodha, yalikuwa yamekodishwa kwa kampuni ya Wahindi ya Jairam Shivji. Kampuni ndiyo iliyokusanya, kampuni ndiyo iliyomkopesha Sultani, na Sultani akawa anakula mapato ya kesho leo. Kama washawahi kukopa kwa simu ili ulipe deni la simu, maisha ya Majid unayaelewa bila kuelezwa.

Ya nne ilikuwa mabalozi. Mwingereza, Mfaransa, Mmarekani na Mjerumani, wote wana nyumba Mji Mkongwe, wote wanaona nani anaingia na kutoka kwa Sultani. Waingereza walikuwa wamemwokoa mara mbili, na mtu aliyekuokoa mara mbili hachoki kukukumbusha.

Ng'ambo ya bahari

Kwa hivyo Majid akaanza kutazama bara. Mwaka wa 1862 jicho lake lilitua kwenye kijiji kimoja cha Washomvi na Wazaramo kilichoitwa Mzizima, jina ambalo watu hulihusisha na uzima. Palikuwa na wavuvi, minazi, mashamba, na majumbe wao. Ila jirani na kijiji palikuwa na kitu ambacho Bagamoyo haina mpaka leo: ghuba yenye mlango mwembamba, ndani pana, maji yenye kina, mawimbi ya bahari kuu hayafiki. Meli ikishaingia imetulia kama iko ndani ya birika.

Hapo ndipo alipoamua kujenga mji mpya kabisa. Na hii ndiyo tofauti ya Dar na miji yetu. Mombasa, Lamu na Malindi ni miji iliyoota yenyewe: mtu na mtu, jahazi na jahazi, karne kwa karne, hakuna aliyekaa chini akasema hapa ndo patakuwa mji. Dar ilikuwa mpango wa mtu mmoja. Ilikatwa kwenye kichwa chake kwanza kama nguo kwa fundi, kisha ikashonwa ufukweni. Dunia ina mifano mingine: Brazil walijenga Brasília, Nigeria wakajenga Abuja. Majid aliwatangulia kwa miaka karibu mia.

Hesabu yake ilikuwa na akili. Pembe za ndovu na watumwa kutoka bara walipitia Bagamoyo na Kilwa, mbali na macho yake. Akiwa na mji wake mwenyewe pwani ya bara, misafara ingeishia mlangoni kwake. Angeweka wafanyabiashara wapya na kuanza ukurasa mpya. Na wale mabalozi wangebaki Unguja, ng'ambo ya maji, wakitaka kumwona wapande chombo kama wageni wengine.

Akaupa jina: Dar es Salaam. Bandari ya salama, makao ya amani, tafsiri yoyote utakayochagua. Mtu hauiti mji wake amani kama anayo tayari nyumbani.

Mikono iliyojenga

Katikati ya miaka ya 1860 kazi ilikuwa imepamba moto, na kufikia mwisho wa 1866 habari zake zilikuwa gumzo kwa mabalozi. Mawe ya matumbawe yakachimbwa, chokaa ikachomwa, boriti zikakatwa. Jumba la Sultani likainuka likitazama maji, na kando yake nyumba za wakubwa na za wageni. Wahadhrami wakaalikwa waje walime na kufanya biashara, Wahindi wakafungua maduka, minazi ikapandwa kwa maelfu. Akanunua hata meli ndogo ya mvuke ya kuvutia majahazi kwenye ule mlango mwembamba wa bandari.

Sasa tuseme ukweli ambao vitabu vingi vinaupitia mbio mbio. Waliobeba yale mawe wengi wao walikuwa watumwa. Mji ulioitwa amani ulijengwa na watu ambao asubuhi hawakuulizwa kama wanataka kwenda kazini. Walikuwa wametolewa kwao bara kwa nguvu, wakaletwa pwani, na badala ya kuvushwa Unguja kuuzwa wakapewa jiwe. Hakuna orodha ya majina yao. Tuna jina la Sultani, la kaka zake, la tajiri wa forodha, mpaka la shamba ambapo Barghash alishindwa. Ya wabeba mawe hatuna hata moja.

Na hili halipaswi kuwa geni kwetu watu wa upande huu wa Nyali. Kila siku tukienda mjini tunapita Kengeleni, na wengi hatuulizi kengele ya nini. Ni kengele ya Frere Town, kijiji ambacho wamisheni wa Kianglikana walikianzisha mwaka wa 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Ilipigwa kuwaonya watu hatari ikija. Majina ya familia za pale yanasimulia Malawi, Msumbiji, bara la Tanganyika. Ni watu wa njia zile zile zilizoleta wabeba mawe wa Majid. Wengine waliangukia Dar, wengine waliangukia hapa jirani na sisi, tofauti ni chombo kipi kilikamatwa baharini na kipi kilipita.

Kwa hivyo nikisema Majid alikuwa mpole, ni mpole kwa ndugu zake. Upole wake ulikuwa na mpaka, na mpaka ulipita hapo.

Wageni wa 1867

Mwaka wa 1866 ulikuwa mbaya nyumbani. Thuwaini aliuawa Sohar, kule Oman, na aliyemuua ni mwanawe wa kumzaa. Mwaka huo huo Salme alipata mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, aliyekuwa jirani yake. Mji ukajaa maneno. Agosti akatoroshwa kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, akabatizwa, akaolewa mwaka uliofuata, akaenda Hamburg. Majid akawa amempoteza dada aliyewahi kuishi naye nyumba moja, na amempoteza hadharani, kila balozi anatazama.

Ndiyo maana Septemba 1867 ina maana kubwa. Mwezi huo Majid aliwaalika mabalozi wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani kwenye karamu kubwa Dar es Salaam. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa akitazamwa nyumbani kwake na watu wenye meli kubwa kuliko zake. Siku hiyo wao ndio waliovuka maji, wakafika kwenye mji ambao hawakuwa na sauti ndani yake, wakala alichopika, wakalala alipowaambia.

Jengo linalosemekana lilijengwa kwa ajili ya wageni wake bado lipo. Linaitwa Boma la Kale, limesimama barabara ya Sokoine karibu na boti za Zanzibar, kuta nene za matumbawe na milango ya nakshi. Siku hizi ndani kuna kituo cha urithi wa majengo ya mji. Watu wanalipita wakikimbilia boti, mizigo kichwani, hawajui kwamba wanapita kwenye nyumba ya wageni ya kwanza ya jiji zima.

Jumba la Sultani lenyewe halipo tena. La wageni ndilo lililobaki. Mimi chuo niliachia katikati, lakini hilo sihitaji profesa kunieleza.

Oktoba 1870

Baada ya karamu Majid alizidi kukaa Dar kila alipoweza. Lakini mji mpya haukuwa rahisi. Chakula kilikuwa shida, pesa zilikuwa shida, na Wazaramo wenye nchi yao hawakuwa wamealika mtu. Wafanyabiashara wakubwa nao walisitasita. Mtu ana duka Unguja linalomlipa, kwa nini ahamie kwenye mji ambao nusu yake ni vifusi vya ujenzi? Mwenye mji alitaka upesi, soko lilitaka kusubiri.

Mwaka wa 1869 na 1870 kipindupindu kikapiga Unguja, kikaua maelfu. Na Oktoba 1870 Majid mwenyewe akafariki, akiwa na miaka 36 hivi. Inasimuliwa kwamba alianguka ndani ya jumba lake jipya la Dar, akaumia, na hakupona. Aliacha mtoto mmoja tu, binti, Khanfora, ambaye baadaye aliolewa na Hamoud bin Mohammed, naye Hamoud akaja kuwa Sultani. Mtoto wa kiume wa kurithi hakuwepo.

Kiti kikamwendea Barghash. Aliyesubiri miaka 14 hakuwa na haja ya kukamilisha ndoto ya kaka yake. Akaiacha Dar kama ilivyo. Pesa zake alizimwaga Unguja, maji ya bomba, majumba, na mwaka wa 1883 Beit al Ajaib. Huku bara kuta zisizoezekwa zikaota majani, nyumba zikabomoka. Msafiri aliyepita miaka ya 1870 alikuta magofu ya mji ambao haukuwa umezeeka, umri wake miaka 10 na tayari gofu.

Mji ulivyogoma kufa

Ingekuwa hadithi ya Sultani peke yake, ingeishia hapo. Lakini kuna watu hawakuondoka.

Jumba linapoachwa, anayeondoka ni mwenye pa kwenda. Watumwa hawakuwa na pa kwenda. Wavuvi wa Mzizima walikuwa kwao. Maduka machache ya Wahindi yaliendelea kupima kopra, gundi na mpira wa kuchuma msituni. Minazi iliyopandwa na Majid ikaanza kuzaa akiwa tayari kaburini. Kwa karibu miaka 20 Dar ilikuwa mji bila mkubwa yeyote, na ikaishi.

Wajerumani walipofika mwaka wa 1887 hawakukuta pori. Walikuta bandari nzuri, kuta za kutumia, na watu. Mwaka wa 1891 wakahamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar, kwa sababu ile ile aliyoiona Majid: maji yenye kina. Mwaka wa 1905 wakaanza kujenga reli ya kati, iliyofika Kigoma 1914. Mwingereza akarithi, na Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru, Dar ikiwa mji mkuu.

Halafu historia ikajirudia. Mwaka wa 1973 serikali ya Nyerere iliamua kujenga makao makuu mapya Dodoma, katikati ya nchi. Ilichukua miaka mingi, ila mwaka wa 2018 sheria ilipitishwa na Dodoma ikawa rasmi. Kwa hivyo Dar imevuliwa cheo mara mbili, na Barghash kisha na Dodoma. Na sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya watu milioni 5 ndani yake. Hata sisi Mombasa tunaijua hii. Mzungu alianzia makao yake hapa kisiwani, akahamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1900. Cheo kilienda na reli, bandari ikabaki, na sisi tukabaki nayo.

Nawaona vijana wa mtaani kwetu wanaofunga begi kwenda Dar, Nairobi ama Doha, wakiamini shida zitashuka steji ya kwanza. Siwakatazi. Majid aliona sawasawa kwamba kuna mahali bora ng'ambo ya maji, na bahari imemkubalia mpaka leo. Alichokosea ni kufikiri mahali hapo patakuwa pake. Madeni yalivuka naye, ugonjwa ulivuka naye, na kaka aliyemkimbia ndiye aliyerithi funguo.

Mji wa amani haukumpa amani aliyeuwaza, wala hakuna aliyewaomba radhi walioubeba kichwani. Lakini wajukuu wa wabeba mawe hao huenda ndio wanaouza samaki Feri asubuhi hii, wanaendesha bajaji Mbagala, wanakupunguzia bei ya kanga Kariakoo. Ukienda, pitia pale Boma la Kale, uguse ukuta. Ni matumbawe kama ya Ngome yetu, yamekwaruza mabega ya watu tusiowajua majina.